Hodhi la Maji ya Chumvi: Samaki na Awe wa Mwisho

Siku hizi si ajabu kuingia katika sebule ya mtu wa Dar es Salaam, au ukumbi wa hoteli ya Mombasa, au hata chumba cha kungojea tabibu wa meno mjini Nairobi, ukakuta hodhi la kioo lililojaa maji ya chumvi, ndani yake samaki wawili watatu wa rangi za kustaajabisha wakizunguka mawe, na mbele yake mtoto aliyekaza macho asiyetaka kushikwa mkono akaondolewa. Tamaa ya kuwa na kitu kama hicho nyumbani siilaumu. Ninaloliteta ni utaratibu. Walio wengi katika wanaoanza hununua samaki kwanza, wakatafuta maji ya kumtia baadaye, kisha wakauliza mbona amekufa. Na mfanyabiashara aliyewauzia hodhi, chumvi na samaki katika saa moja huwajibu kwa kuwauzia samaki mwingine. Rai yangu ni kwamba mwenye kuanza aanze na maji, akae nayo mwezi mmoja na zaidi pasi na samaki hata mmoja ndani yake, na asiyeweza kuvumilia kutazama maji matupu kwa muda huo heri asinunue hodhi kabisa.

Shughuli hii ina tarikh ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1846 bibi mmoja wa Uingereza, Anna Thynne, aliyekuwa akikaa London penye kanisa la Westminster, alichukua matumbawe hai kutoka pwani ya Torquay, akafaulu kuyahifadhi nyumbani kwake yasife. Na siri ya kufaulu kwake ilikuwa mtumishi wa kike, ambaye kazi yake ilikuwa kuyamimina maji yale kutoka chombo hiki kwenda chombo kile mbele ya dirisha lililo wazi ili yapate hewa. Vitabu humsifu bibi. Mimi humkumbuka zaidi yule mtumishi, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa pampu. Mwaka 1850 mkemia Robert Warington alidhihirisha kwamba mimea na wanyama wa majini waweza kusaidiana katika chombo kimoja, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikafungua nyumba ya samaki, ambayo mtaalamu Philip Henry Gosse alikuwa miongoni mwa walioijaza viumbe. Kitabu cha Gosse cha mwaka uliofuata kikawasha shauku iliyoenea nchi nzima, hata wake kwa waume wakawa wakishuka ufukweni na ndoo na patasi. Mwanawe, Edmund Gosse, katika kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 1907, aliandika kwa majonzi jinsi vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilivyokombwa na watu waliosoma maandiko ya baba yake. Hayo yalitendeka katika bahari ya baridi, isiyo na rangi za miamba yetu, sembuse huku.

Mabibi na mabwana wale walikuwa na udhuru, kwa maana hawakujua ni kitu gani kilichokuwa kikiwaulia wanyama wao. Sisi tunakijua. Samaki hutoa amonia kwa njia ya matamvua yake, na kinyesi na mabaki ya chakula yakioza hutoa amonia vilevile. Baharini amonia hiyo hupotea katika maji yasiyo na ukomo, lakini ndani ya hodhi haina pa kwenda. Tena maji ya bahari, kwa kuwa hayana uchachu, huiacha sehemu kubwa zaidi ya amonia katika ile hali yake iliyo sumu kuliko yafanyavyo maji mengi ya mto. Kinachomwokoa samaki ni viumbe visivyoonekana kwa macho. Wako bakteria wanaoila amonia na kuigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo si salama, na wako wengine wanaoila nitriti na kuigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi, na ambayo mwenye hodhi huipunguza kwa kutoa sehemu ya maji kila baada ya siku kadha na kutia mapya. Mtaalamu Sergei Winogradsky ndiye aliyefaulu kuwatenga bakteria hao mnamo 1890. Na katika habari zote za tarikh hii hakuna inayonifurahisha kama kwamba miongoni mwa waliomtangulia kuonyesha kuwa kazi hiyo hufanywa kwa hatua mbili, na viumbe wa namna mbili, alikuwamo mtoto wa yule Warington wa hodhi, aliyeitwa Robert kama baba yake, naye wakati huo akichunguza udongo wa mashamba huko Rothamsted. Baba alifuga samaki bila kujua ni nani anayemsafishia maji. Mwana akamwona msafishaji huyo shambani.

Bakteria hawa hawaji pamoja na kioo. Huja polepole, wakashika juu ya mawe, juu ya mchanga na ndani ya chujio, na hawaongezeki mpaka wapate cha kula. Kwa hiyo mwenye hodhi hutia maji, mawe na mchanga, akaiwasha pampu, kisha akadondosha kipande kidogo cha kamba mbichi na kukiacha kioze, au matone ya amonia safi isiyo na sabuni wala manukato, na baada ya hapo kazi yake ni kupima. Vipimo vya matone na vikaratasi huuzwa, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na bei ya samaki mmoja. Atauona mstari wa amonia ukipanda kisha ukishuka, na nitriti ikipanda nyuma yake kisha nayo ikishuka, hata siku moja vyote viwili visomeke sifuri na nitrati ionekane. Hapo ndipo hodhi limekuwa hai, ijapokuwa mgeni aliyeketi sebuleni haoni ndani yake ila mawe. Muda wake, aghalabu, ni wiki 4 hadi 6, na mara nyingine zaidi. Katikati ya muda huo mawe yatafunikwa na vumbi la rangi ya kahawia, baadaye na mwani wa kijani, na mwenye nyumba ataambiwa na kila apitaye kwamba hodhi lake limeharibika. Halijaharibika. Zipo chupa za bakteria ziuzwazo kwa ajili ya kuufupisha muda huu, na baadhi yake husaidia. Ila chupa iliyosafirishwa juani na kukaa ghalani miezi mingi mimi siiamini, na hata aliyeitumia hana ruhusa ya kuacha kupima.

Amma maji yenyewe, hapo watu wa pwani hujiona wamekwisha kupewa. Bahari i mlangoni na ndoo i mkononi, kuna haja gani ya chumvi ya pakiti iliyovuka bahari hiyohiyo kuja kwetu? Hoja hii ina nusu ya ukweli. Maji yaliyotekwa mahali safi, mbali na bandari na mifereji ya mji, ni bora kuliko yoyote awezayo kuyachanganya binadamu. Lakini yatekwayo karibu na mji yana mafuta ya vyombo na taka za majumba, na wakati wa masika, Sabaki inapomwaga tope lake kaskazini ya Malindi na Rufiji inapofanya vivyo hivyo mkabala wa Mafia, maji ya sehemu hizo hupungukiwa chumvi na kujaa udongo. Mwenye kuteka na ateke wakati wa kaskazi, maji ya bamvua yakiwa yamejaa, ayahifadhi gizani katika mapipa ya plastiki yaliyofunikwa muda wa wiki mbili tatu ili tope litue na vijidudu vinavyoelea vife, kisha ayachuje.

Mtu wa Nairobi, wa Dodoma au wa Kampala hana budi kununua chumvi iliyotengenezwa kwa kazi hii. Wapo wanaodhani chumvi ya jikoni itatosha, na wapo werevu zaidi wasemao kwamba chumvi ya Gongoni au ya Bagamoyo imetoka baharini, basi ikirudishwa katika maji itakuwa bahari tena. Haiwi. Maji ya bahari yakaushwapo na jua katika majaruba, jasi hutangulia kuganda, ikafuata chumvi ya kula, na maji machungu yanayosalia, yenye magnesiamu na potasiamu, humwagwa. Kinachotiwa katika gunia ni fungu moja tu la bahari, ilhali konokono na tumbawe huyahitaji mafungu yote. Kipimo kinachotakiwa ni takriban gramu 35 za chumvi kwa lita, ambacho kifaa cha kupimia uzito wa maji hukisoma kati ya 1.025 na 1.026, kwa hiyo hodhi la lita 100 hutaka kilo 3 na nusu hivi. Nayo maji matamu ya kuichanganyia yana masharti yake: ya bomba yana klorini, ya visima vingi yana chokaa na nitrati, na ya mvua yaliyoteremka juu ya mabati yamechukua zinki, ambayo ni sumu kwa wanyama wengi wasio na uti wa mgongo. Maji yaliyopitishwa katika mashine ya kuchuja kwa utando ndiyo ya kutegemewa, na katika miji mikubwa si shida tena kuyapata kwa wauza maji ya kunywa, mradi wawe hawayarudishii madini baada ya kuyachuja.

Lipo jambo moja linalowapotosha hata watu wenye elimu zao. Maji hukauka, chumvi haikauki. Hodhi la lita 100 likipoteza lita 5 kwa joto, kile kipimo cha 35 hupanda kikakaribia 37, na mwenye hodhi akijazia kwa maji ya chumvi, akidhani amerudisha kilichopotea, hukipandisha zaidi kila wiki mpaka samaki wakaanza kuhema. Yajazwe maji matamu, tena kila siku, kidogo kidogo. Na hapa ndipo unapoonekana udanganyifu wa vile vihodhi vidogo vya lita 20 vinavyopambwa madirishani mwa maduka na kuitwa vya wanafunzi: kihodhi hicho kikipoteza lita 2 tu, chumvi yake hukaribia 39, kikipigwa na jua la saa moja hupata joto ambalo hodhi kubwa lingelihisi jioni, na chembe ya chakula iliyosahauliwa huchafua maji yote. Udogo wa hodhi ni mtihani wa fundi aliyekwisha kukomaa, na anayeanza hupewa kihodhi kwa sababu bei yake ni nafuu. Kwa anayeanza, lita 80 ni chini kabisa, na 100 au 120 ni salama zaidi.

Vitabu vya sanaa hii vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, na kitu cha kwanza wanachokuagiza ununue ni hita. Samaki wa miamba hupenda nyuzi 24 hadi 26 za Selsiasi. Mtu wa Nairobi atahitaji hita hiyo usiku wa Julai, sikatai, lakini mtu wa Dar es Salaam mwezi wa Machi anahitaji kinyume chake, kwa kuwa chumba chake peke yake kimepita nyuzi 30; na maji yakipata joto huzidi kupoteza hewa wakati ambapo samaki huzidi kuihitaji. Feni ndogo inayopuliza juu ya uso wa maji hushusha nyuzi mbili au tatu, kwa njia ya kuyakausha maji, na hivyo humrudisha mwenye hodhi kwenye ile kazi ya kujazia. Fauka ya hayo, umeme wetu hukatika. Pampu ikisimama usiku kucha, samaki hukosa pumzi na bakteria walio ndani ya chujio lililofungwa huanza kufa, kwa hiyo kipampu cha hewa cha betri kinunuliwe pamoja na hodhi, si baada ya msiba.

Mawe yana habari yake. Mwaka 1961 bwana mmoja wa Jakarta, Lee Chin Eng, aliwastaajabisha wafugaji wa Marekani alipoandika jinsi alivyokuwa akiweka samaki na matumbawe katika hali njema kwa viputo vya hewa na mawe hai tu, yaani mawe yaliyotolewa mwambani pamoja na viumbe vyote vilivyojishikiza humo. Ugunduzi huo ulikuwa wa kweli, na madhara yake yakawa ya kweli vilevile, maana mawe hayo yakaja kuchimbwa na kusafirishwa nje, kwa tani, kutoka visiwa kama Fiji. Leo hakuna haja hiyo. Jiwe kavu lenye vitundu, likishapewa ule mwezi niliousema, huwa nyumba ya bakteria hao hao. Nayasema haya hasa kwa sababu ya msomaji wa pwani, ambaye maji yakipwa aweza kutembea kwa miguu hadi mwambani na kubanjua kipande bila kuonwa na mtu: matumbawe magumu yote yamo katika orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, na miamba yetu, iliyopigwa vibaya na joto la bahari la mwaka 1998, bado ina madeni ya kulipa.

Sasa samaki. Kila mtoto anamtaka Nemo, na mara hii mtoto ana haki, maana samaki huyo wa mistari ya chungwa na nyeupe, aliyepata umaarufu kwa filamu ya mwaka 2003, ni katika wachache wa baharini wanaozalishwa kwa wingi katika mahodhi tangu miaka ya 1970, na aliyezaliwa hodhini hula chakula cha paketi, hustahimili makosa madogo, na akitunzwa aweza kuishi miaka 20. Hahitaji yule mnyama mwenye mikono iwashayo ambamo hujificha baharini. Mnyama huyo ni mgumu kumfuga na anayeanza amwache. Wawili wakiwekwa pamoja wakiwa wadogo, mkubwa huwa jike na mdogo huwa dume, na jike akifa yule dume hugeuka kuwa jike. Mwambani kwetu wako jamaa zake, akiwamo Amphiprion akallopisos mwenye mstari mmoja mweupe mgongoni, ambaye mtu aweza kumtazama Chumbe au Kisite kwa miwani ya kuzamia bila kumtoa kwake. Anayeanza akiwa na jozi hiyo, na samaki mmoja wa mchangani wa namna ile inayokaa shimo moja na kamba asiyeona vizuri, kamba akichimba na samaki akilinda mlango huku kamba akimgusa kwa sharubu zake ili ajue lini kuna hatari, amepata tamasha la kumtosha.

Asinunue Dory, mwenzake Nemo katika filamu ile. Huyo ni wa jamii ya kangaja, hukua hata sentimita 30, na kumweka katika lita 100 ni kumfunga. Asimnunue yule samaki wa mistari ya buluu awasafishaye wenzake, maana hodhini hukosa wateja akafa njaa; wala asimnunue samaki wa mandarini, ambaye kwa uzuri hana mfano, na ambaye hutaka vijidudu hai maelfu kwa maelfu, vitu visivyopatikana katika hodhi changa.

Juu ya wapi samaki ametoka, sina nia ya kuwalaumu wazamiaji wa Shimoni na Kilifi, ambao kwa miaka mingi wamewakamata samaki wa mapambo kwa vyavu vidogo, mmoja mmoja, na kuwapeleka kwa wasafirishaji wa Kenya wawauzao Ulaya, Marekani na Asia; kazi yao ni ya ustadi, na ni bora mara nyingi kuliko ile ya kumwaga sayanidi mwambani iliyoanza Ufilipino katika miaka ya 1960. Lakini mfano wa Banggai hauna budi kukumbukwa. Samaki huyo mdogo mwenye milia myeusi huishi katika visiwa vichache vya karibu na Sulawesi, Indonesia. Aligunduliwa upya mwaka 1994, akapendwa, akavuliwa kwa malaki, na mwaka 2007 tayari alikuwa ametiwa katika orodha ya viumbe vilivyo hatarini, na hali ni samaki ambaye dume lake huatamia mayai kinywani na huzaliana hodhini bila taabu kubwa. Aliyezaliwa hodhini angaliweza kuuzwa tangu mwanzo, wanunuzi hawakuuliza. Kwetu wako waliouliza: wavuvi wa Kuruwitu, katika Kilifi, waliona mwamba wao ukiishiwa, na miongoni mwa sababu walizozitaja ilikuwa uvuvi wa samaki wa mapambo, basi katikati ya miaka ya 2000 wakazifunga hekta 30 za bahari kwa hiari yao, na samaki wakarudi.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye maduka zaidi kuliko kwa wanunuzi, kwa kuwa mnunuzi hujifunza kwa yule anayempokea pesa zake. Auzapo hodhi, asiuze samaki siku hiyo. Amwambie mteja arudi baada ya mwezi na chupa ya maji yake, yapimwe pale pale juu ya meza, na amonia au nitriti ikionekana, arudishwe nyumbani bila samaki, hata kama amekuja na watoto na watoto wanalia. Nimekwisha kujibiwa kwamba duka litakalofanya hivyo litafilisika, mteja atakwenda la pili. Sidhani. Aliyeuziwa samaki siku ya kwanza hununua mara mbili, mara tatu, kisha huliuza hodhi lake na haonekani tena. Aliyengoja mwezi hununua chumvi, vipimo, chakula na mawe kwa miaka, na samaki wake wakifikia kutaga, atakuja na makinda ya kumwuzia mwenye duka.